Kivimbe Chini ya Pembe ya Taya: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Tezi ya Limfu Shingoni

Mgonjwa wetu wa mfano ni mwanamume wa miaka 54. Sigara hajawahi kuvuta, pombe hunywa kwa nadra. Wiki 7 zilizopita, akiwa ananyoa ndevu, aligusa kivimbe upande wa kulia wa shingo, chini kidogo ya pembe ya taya. Hakimuumi. Hana homa, hajakonda, anameza vizuri, na sauti yake ni ileile. Alipewa amoksisilini kwa siku 7; kivimbe kikapungua kidogo, kisha kikarudi. Akapewa antibiotiki nyingine kwa siku 10. Safari hii hakikubadilika. Ultrasaundi ikaonyesha kifuko cha majimaji chenye ukubwa wa sm 3.4 kwa 2.9, na ripoti ikasema huenda ni kifuko alichozaliwa nacho. Akapangiwa kukiondoa kwa ganzi ya sindano na kurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Mpango huo ndio tunaoupinga hapa. Vivimbe vingi vya shingo si saratani, hasa kwa watoto na vijana, na hilo halina ubishi. Tunaupinga kwa sababu hakuna aliyeuliza swali ambalo anatomia ya shingo hulijibu vizuri: limfu, yaani maji yanayotoka kwenye tishu na kuchujwa na tezi, inayofika mahali hapa inatoka wapi?

Kivimbe kiko wapi hasa

Mwili wa mtu mzima una tezi za limfu takribani 600 hadi 800, na karibu theluthi moja ziko kichwani na shingoni. Pua, mdomo na koo ni milango ambayo hewa, chakula na vijidudu hupita usiku na mchana, ndiyo maana ulinzi umerundikwa hapo. Tezi hizo ziko katika tabaka mbili. Tabaka la nje huzunguka kama mkufu pale kichwa kinapokutana na shingo: kisogoni, nyuma ya sikio, mbele ya sikio ndani ya tezi ya mate ya parotidi, shavuni, chini ya taya na chini ya kidevu. Tabaka la ndani ni mnyororo unaoshuka sambamba na vena ya jugula ya ndani (mshipa mkubwa wa damu wa shingo), kutoka chini ya fuvu hadi mtulinga, ukiwa umefunikwa na msuli wa stenokleidomastoidi, ule unaojitokeza mtu anapogeuza kichwa. Limfu ya tabaka la nje hatimaye huingia kwenye mnyororo huo wa ndani.

Ili madaktari waelewane bila kuonyeshana kwa kidole, shingo imegawanywa katika kanda zenye namba za Kirumi. Kanda ya I iko chini ya kidevu (IA) na chini ya taya (IB). Kanda ya II, III na IV ni sehemu ya juu, ya kati na ya chini ya mnyororo wa jugula: ya II inatoka chini ya fuvu hadi usawa wa mfupa wa hioidi (mfupa mdogo ulio juu ya koo), ya III inaishia ukingo wa chini wa gegedu la krikoidi (pete iliyo chini ya kisanduku cha sauti), ya IV inafika mtulinga. Kanda ya V ni pembetatu ya nyuma, kati ya msuli wa stenokleidomastoidi na msuli wa trapezi wa nyuma ya shingo na bega. Ya VI iko katikati, mbele ya koo, kuizunguka tezi ya thairoidi. Ya VII inaingia juu ya kifua.

Kivimbe cha mgonjwa wetu kiko kanda ya IIA, mbele ya neva ya 11 ya fuvu, ile inayoendesha misuli ya bega. Hapo kuna tezi maarufu kuliko zote shingoni, ile ya jugulodigastriki, iliyo chini ya sehemu ya nyuma ya msuli wa digastriki, msuli mdogo wa chini ya taya. Aliyewahi kuugua mafindofindo anaifahamu hata kama hajui jina lake: ndiyo inayovimba na kuuma chini ya taya koo likiwa limewaka. Hupokea limfu ya tonsili, ya shina la ulimi na ya kuta za koromeo.

Sasa linganisha na mahali pengine. Kivimbe hikihiki kingekuwa chini ya kidevu, tungeanza na ncha ya ulimi, katikati ya mdomo wa chini, fizi za mbele na sakafu ya mdomo. Kingekuwa mbele ya sikio, tungekagua kwanza ngozi ya paji la uso, kope na sehemu ya mbele ya ngozi ya kichwa, kwa sababu saratani za ngozi za maeneo hayo hupitia tezi za parotidi. Kingekuwa kanda ya V juu, nyuma ya msuli, macho yangeenda nyuma ya pua. Na kingekuwa juu ya mtulinga wa kushoto, tungeshuka kabisa hadi tumboni, maana mrija mkuu wa limfu wa kifua hupanda upande huo ukileta limfu ya miguu, tumbo na nusu kubwa ya kifua. Tezi hiyo ya kushoto ndiyo daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliyoihusisha na saratani ya tumbo mwaka 1848, na bado ina jina lake.

Kuna kiungo kimoja ambacho hakifuati desturi, nacho ni nyuzi za sauti. Zina mishipa michache mno ya limfu, kwa hiyo saratani ndogo iliyo juu yake hukaa muda mrefu bila kufika shingoni. Sm 1 tu juu yake, zoloto (kisanduku cha sauti) ina mishipa tele inayoelekea pande zote mbili, na saratani ya hapo huja na tezi zilizovimba mapema. Mgonjwa anayesema sauti yake haijabadilika amesema jambo la maana, lakini hajaondoa shaka ya koo lililobaki.

Mikono kwanza, kwa utaratibu

Kabla ya kipimo chochote, shingo hupapaswa. Simama nyuma ya mgonjwa aliyeketi, mwambie ashushe kidevu kidogo na kugeukia upande unaopapaswa ili msuli ulegee. Anza chini ya kidevu, fuata taya hadi pembeni, pita mbele ya sikio, nyuma ya sikio, kisogoni. Kisha shuka na mnyororo wa jugula: vidole viushike msuli wa stenokleidomastoidi mbele na nyuma, maana tezi nyingi ziko chini yake na ukipapasa juu tu hutazigusa. Malizia pembetatu ya nyuma na juu ya mtulinga, ukimwomba avute pumzi ndefu. Usibonyeze ateri za karotidi (mishipa inayopeleka damu kichwani) za pande mbili kwa wakati mmoja. Mtu anaweza kuzimia.

Vitu vinne humdanganya anayejifunza. Kuna chomozo la pembeni la pingili ya kwanza ya shingo, gumu, kati ya mfupa wa nyuma ya sikio na pembe ya taya. Kuna pembe ya mfupa wa hioidi, ambayo husogea mgonjwa akimeza. Kuna tezi ya mate iliyo chini ya taya, hasa kwa wazee ambao ngozi imelegea. Na kuna sehemu iliyotuna ya ateri ya karotidi, inayodunda. Dawa ya udanganyifu wote huu ni kupapasa upande wa pili na kulinganisha.

Kwa mgonjwa wetu kivimbe ni kigumu kama mpira, kinasogea kwa ulalo lakini kidogo sana kwa wima, hakiumi, na ngozi juu yake ni ya kawaida. Kimekaa zaidi ya wiki 2, kimezidi sm 1.5, na mwenyewe amevuka miaka 40. Mwongozo wa wataalamu wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2017 unataka kivimbe cha mtu mzima kilichodumu wiki 2 au zaidi bila kubadilika sana kichunguzwe kwa mtazamo wa saratani, na antibiotiki zisitolewe kama mazoea pale ambapo hakuna dalili za maambukizi. Yeye hakuwa na joto, wekundu, maumivu wala homa. Dozi ya kwanza haikuwa na msingi, na ya pili ikala siku 10 nyingine.

Kwa nini basi kilipungua kidogo? Hili ndilo linalowapotosha wengi. Tezi yenye saratani inaweza pia kuwa na uchochezi pembeni mwake, na majimaji ndani ya kifuko hupungua na kuongezeka yenyewe. Dawa inaweza kutuliza uchochezi huo na kuuacha ugonjwa ulipo. Kupungua nusu si kupona: tezi ya maambukizi inapaswa kurudi kwenye ukubwa wake wa kawaida, na isiporudi ndani ya wiki 2, uchunguzi uendelee.

Ndani ya tezi yenyewe

Limfu huanzia kwenye mirija myembamba isiyo na mwanzo wazi, iliyojengwa kwa seli bapa zinazolaliana kingo kama vigae. Nyuzi ndogo huzishikilia kwenye tishu. Tishu ikivimba kwa maji, nyuzi huvuta kingo na milango hufunguka. Maji, protini, vijidudu na, kwa bahati mbaya, seli za saratani huingia. Kuanzia hapo mishipa ina vali zinazoruhusu mwelekeo mmoja tu, na kuta zenye misuli zinazojiminya zenyewe mara kadhaa kwa dakika. Kumeza, kuzungusha shingo na kuvuta pumzi husaidia, na mtu akiwa wima, mvutano wa ardhi pia husaidia limfu ya kichwa kushuka. Lishike hili la mvutano, litarudi mbele.

Tezi ina umbo la haragwe. Mishipa kadhaa ya kuleta limfu hutoboa kapsuli (ganda la nje la tezi) upande wa mgongo, na mmoja au miwili huitoa upande wa kitovu, pale damu nayo inapoingilia. Limfu ikifika humwagika kwanza katika nafasi nyembamba chini ya kapsuli, kisha huchuja kupitia gamba lenye vifundo vya seli B, eneo la seli T (zote ni seli za kinga), hadi kiini. Seli ya saratani hunasa palepale chini ya kapsuli. Ikikua, hula gamba, husukuma kitovu chenye mafuta na kukifuta, na huibadilisha tezi kutoka haragwe kuwa duara. Ikizidi, hutoboa kapsuli na kuingia kwenye mafuta na misuli ya jirani, na hapo mwelekeo wa mgonjwa hubadilika kwa ubaya.

Ultrasaundi huyaona mengi ya haya. Tezi yenye afya ni ndefu kuliko upana, kitovu chake cheupe kinaonekana, na damu inaingilia hapohapo. Tezi yenye saratani huwa mviringo, haina kitovu, na mishipa ya damu huingia kutoka pembeni. Kipimo kifupi kikizidi sm 1 kuna shaka. Kwa tezi ya jugulodigastriki huruhusiwa hadi sm 1.5, kwa kuwa imezoea kuvimba tangu utotoni. Nyuma ya koromeo, mm 5 tayari ni nyingi.

Na kifuko cha majimaji? Kifuko cha kuzaliwa nacho, kinachotokana na mabaki ya mwanya wa pili wa matamvua (mianya ya shingo ya mtoto akiwa bado tumboni), hujitokeza mahali hapahapa, ila mara nyingi kabla ya miaka 40. Kwa mtu wa miaka 54, kifuko kipya kanda ya II kichukuliwe kuwa saratani hadi ithibitishwe vinginevyo. Hasa saratani ya tonsili inayosababishwa na virusi vya HPV, ambayo ina tabia ya kujenga vifuko ndani ya tezi: katikati huyeyuka, ukuta mwembamba wa seli hubaki. Ripoti ya ultrasaundi haikukosea kuona majimaji. Ilikosea kuyafasiri bila kuutazama umri.

Sindano kabla ya kisu

Hatua sahihi ni kutoa seli kwa sindano nyembamba, geji 23 hadi 25, ikiongozwa na ultrasaundi. Hapa kuna kosa la kawaida sana. Sindano huingizwa katikati ya kifuko, majimaji ya rangi ya majani makavu hutoka, kila mtu huridhika, na maabara hujibu: majimaji na mabaki ya seli, hakuna saratani. Seli zilikuwa ukutani, sindano ilikuwa bwawani. Inatakiwa kuyanyonya majimaji kwanza na kuyapeleka, kisha kuelekeza sindano kwenye ukuta mnene au kifundo kigumu kinachobaki, na kuichezesha mbele na nyuma mara kadhaa bila kuitoa. Jibu likiwa halieleweki, hurudiwa, au hutumika sindano nene inayotoa kipande cha tishu.

Katika kisa hiki, majimaji yalikuja bila jibu. Ukuta ulikuja na seli za saratani ya skwamasi (ya seli bapa za utando) zenye alama ya p16, protini ya ndani ya seli. Alama hiyo, ikiwaka kwa nguvu katika angalau asilimia 70 ya seli za kipande cha tishu, huashiria HPV na kutuelekeza kwenye tonsili au shina la ulimi. Kungekuwa na alama za virusi vya Epstein-Barr, tungeelekea nyuma ya pua. Kungekuwa na shaka ya thairoidi, maji ya kusuuzia sindano yangepimwa thairoglobulini, protini inayotengenezwa na thairoidi. Na pale kifua kikuu kinapowezekana, sampuli hiyohiyo ipelekwe kutafuta vimelea vyake, kwani tezi za kifua kikuu zilizogandamana, zikipasuliwa kama jipu, huacha kidonda kinachotoa usaha kwa miezi.

Kwa nini tusingeikata tu tezi nzima na kuipima? Kwanza, tezi iliyotolewa haisemi ilikotoka, na chanzo kinabaki kooni kikikua. Pili, kifuko chenye saratani kikipasuka wakati wa upasuaji humwaga seli jerahani. Tatu, kovu huvuruga tabaka za shingo na njia za limfu, kwa hiyo upasuaji wa pili huwa mgumu na mara nyingi lazima ulijumuishe kovu lile. Nne, neva ya 11 inapita hapohapo kati ya IIA na IIB. Ikikatwa, bega linashuka na mkono hauinuki vizuri. Kuondoa tezi nzima kuna nafasi yake, kwa mfano limfoma (saratani ya seli za limfu zenyewe) ikishukiwa na kipande cha sindano nene hakikutosha kuitambua, ila hiyo ni hatua ya baadaye, baada ya koo kukaguliwa.

Kurudi nyuma hadi kwenye chanzo

Tonsili mbili za pembeni, ile ya nyuma ya pua, ya shina la ulimi na zile za kando ya mirija ya masikio hujenga duara ambalo mwanaanatomia Mjerumani Heinrich Waldeyer alilieleza mwaka 1884. Tofauti yake na tezi za limfu ni kubwa: tonsili haina mishipa ya kuletewa limfu. Inakutana na vijidudu moja kwa moja kupitia mashimo membamba, 10 hadi 20 kwa kila tonsili ya pembeni, yaliyotandikwa seli zilizolegea kwa makusudi ili vijidudu viingie na kutambuliwa. HPV hupenya hapohapo. Saratani inaweza kuanzia chini ya shimo huku uso wa tonsili ukionekana safi kabisa, wakati mishipa ya kutoa limfu tayari inapeleka seli kwenye tezi ya jugulodigastriki. Ndiyo sababu kivimbe cha shingo kilitangulia, na koo halikuuma.

Kwa macho, tonsili za mgonjwa wetu zilikuwa sawa. Kwa kidole chenye glovu ilikuwa habari nyingine: sehemu ya chini ya tonsili ya kulia ilikuwa ngumu kama ncha ya pua, ilhali ya kushoto ilibonyea kama shavu. Kidole hicho kiliwahi kabla ya mashine zote, na bado watu wengi hawakitumii. Shina la ulimi nalo hupapaswa vivyo hivyo. Meno ya bandia huvuliwa kwanza. Kamera nyembamba ya kupitia puani ikakagua nyuma ya pua, shina la ulimi na zoloto, zote safi.

Mpangilio wa vipimo una maana. Picha za CT yenye dawa ya kung'arisha, au MRI, na skani ya PET (inayowasha seli zinazotumia sukari nyingi) zifanyike kabla ya kukata vipande kooni, kwa sababu jeraha jipya huwaka kwenye PET sawasawa na saratani. Skani ilionyesha tonsili ya kulia ikiwaka zaidi ya ya kushoto, tezi moja ya kanda ya II, na mapafu safi. Tonsili ya kulia ilitolewa nzima badala ya kumegwa, na katika moja ya mashimo yake ikapatikana saratani ya sm 1.1.

Katika toleo la nane la mfumo wa hatua za saratani, uvimbe wa tonsili wa sm 1.1 wenye p16, pamoja na tezi ya upande huohuo isiyozidi sm 6, ni hatua ya I. Bila p16, tezi hiyohiyo ya sm 3.4 ingempeleka hatua ya IVA. Seli chache za ukutani, alama moja ya maabara, na mazungumzo na familia yanakuwa tofauti kabisa.

Kuondoa njia, si tezi pekee

Mgonjwa alikuwa na njia mbili: mionzi ya Gy 70 (Gy, yaani grei, ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa siku 35 za matibabu pamoja na sisplatini, dawa ya saratani, au upasuaji wa kooni pamoja na kusafisha shingo. Alichagua upasuaji. Mwaka 1906 daktari mpasuaji Mmarekani George Crile alieleza upasuaji 132 wa saratani za kichwa na shingo, ambao katika baadhi yake shingo ilisafishwa kwa jumla, na mtindo uliokua kutokana na kazi yake uliondoa kanda I hadi V pamoja na vena ya jugula, msuli wa stenokleidomastoidi na neva ya 11. Siku hizi, kwa kuwa tunajua limfu ya tonsili inaelekea wapi, kanda II hadi IV zinatosha, na miundo hiyo mitatu huhifadhiwa isipokuwa imevamiwa. Tezi 18 au zaidi zinatarajiwa kupatikana katika mafuta yanayotolewa. Zikiwa chache mno, mtu ajiulize kama shingo imesafishwa kweli. Upande wa kushoto haukuguswa, kwa sababu uvimbe wa tonsili usiofika kaakaa laini wala shina la ulimi mara chache hupeleka seli upande wa pili. Ungekuwa wa shina la ulimi, ambalo limfu yake huvuka katikati, uamuzi ungekuwa mwingine.

Chini ya kanda ya IV kuna hatari ya peke yake. Mrija mkuu wa kifua, unaobeba lita 2 hadi 4 kwa siku, hupanda hadi sm 5 juu ya mtulinga wa kushoto kabla ya kujipinda na kumwaga penye makutano ya vena ya jugula na ile ya chini ya mtulinga. Kulia kuna mrija mfupi wa karibu sm 1, kwa hiyo uvujaji ni nadra zaidi, ingawa upo. Ishara huja mgonjwa anapoanza kula: majimaji ya mrija wa kutolea, yaliyokuwa mekundu hafifu, yanageuka kama maziwa. Trigliseridi (mafuta ya kawaida ya chakula) zikizidi mg 110 kwa dL ndani yake, shaka imekwisha. Huinuliwa kichwa, hupewa chakula kisicho na mafuta ya kawaida bali yale ya mnyororo wa kati, ambayo huingia moja kwa moja kwenye damu ya ini bila kupitia limfu. Uvujaji ukiendelea kwa wingi, mrija hufungwa kwa upasuaji.

Maabara ilikuta tezi 26, mbili zikiwa na saratani: ile kubwa, na moja ya mm 9 kanda ya III ambayo hakuna skani iliyoitilia shaka. Kapsuli zote mbili zilikuwa nzima. Akapewa mionzi ya Gy 60 kwa siku 30 za matibabu, bila sisplatini.

Uvimbe wa asubuhi

Wiki 8 baada ya mionzi, mgonjwa anaamka na mfuko laini chini ya kidevu. Ukiubonyeza kwa kidole, shimo linabaki kwa sekunde kadhaa. Ifikapo mchana umepungua nusu. Anaogopa kwamba saratani imerudi, na hofu hiyo haipaswi kupuuzwa. Kila uvimbe mpya hupapaswa, na zoloto hukaguliwa kwa kamera, kwani nayo inaweza kuvimba na kubana hewa. Lakini saa za uvimbe wenyewe zinasema mengi. Akilala, mvutano wa ardhi hausaidii tena kushusha limfu ya uso; njia za kulia zimekatwa na zilizobaki zimekauka kwa mionzi. Akisimama, maji hushuka kupitia vijia vya pembeni. Hiyo ni limfedema.

Matibabu yanafuata anatomia, na hapa ndipo makosa hufanyika kwa nia njema. Mtu hukanda kidevu kwa nguvu akishusha shingoni, yaani anasukuma maji kwenye njia iliyofungwa. Utaratibu sahihi huanzia mbali: pumzi 5 za tumbo ili kuvuta limfu kuelekea kifuani, kisha kwapa zote mbili, kisha juu ya mtulinga, kisha upande wa shingo ambao haukupasuliwa, na mwisho kabisa kidevu na uso, maji yakielekezwa kwenye njia zilizofunguliwa tayari. Mkono husogeza ngozi tu. Ngozi ikiwa nyekundu, nguvu imezidi. Kichwa cha kitanda huinuliwa nyuzi 30, na mkanda laini wa kidevu huvaliwa kwa saa chache. Ukandaji huu haufanywi palipo na maambukizi ya ngozi, karotidi yenye ugonjwa, au saratani inayoshukiwa kurudi. Limfedema ikiachwa kwa miezi, tishu hujaa nyuzi, shimo la kidole halitokei tena, na kilichokuwa maji kinakuwa ubao.

 

Ufuatiliaji wa mgonjwa ni wa kila mwezi 1 hadi 3 mwaka wa kwanza. Skani ya PET hufanyika si chini ya wiki 12 baada ya mionzi, kwa kuwa mapema zaidi tishu zilizoungua huonekana kama ugonjwa. Katika kila ziara vidole huanza upande wa kushoto, ule ambao haukutibiwa, kanda ya II hadi IV. Kisha huja kulia kwenye kovu, na kidole chenye glovu hurudi kwenye shina la ulimi. Tezi za nyuma ya koromeo, ambazo nazo zinaweza kupokea limfu ya tonsili, hazifikiwi na kidole chochote. Akilalamika kwa maumivu mapya ya sikio la kulia au shingo kukakamaa upande mmoja, apigwe MRI hata kama shingo yote inapapasika laini.